Majalada ya Kitinda

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Mume wangu husema siku subira ilipokuwa inagawanywa nilishaondoka kwenye foleni. Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, na wateja wakinishangaa huwaambia ndiyo maana mashine zao hupona upesi: sitaki kukaa nazo. Basi siku baba mkwe aliponipigia simu saa tatu na nusu asubuhi, akanisalimia, akaulizia watoto, akaulizia mgongo wangu, akaulizia hadi paa letu linalovuja, nikajua kuna jambo. Baba hapigi simu kwa ajili ya paa.

Mwishowe akalitoa. Alikuwa ananakili faili kutoka kwenye kompyuta yake kwenda kwenye flashi tangu saa mbili, na mashine ilikuwa inamwambia zimebaki masaa kumi na moja. Gari la kumchukua Kitinda lingefika saa nane mchana.

Sikumwacha amalize. Nilitupa mkoba wa vifaa begani nikatoka, chai yangu nikaiacha mezani inafuka.

Kitinda ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa nyumba ile, na jina hilo limemganda mpaka watu wa mtaani hawalijui la cheti. Ni muuguzi. Alikuwa amepata kazi katika hospitali moja ng'ambo, mkataba wa miaka mitatu, na siku hiyo ndiyo alikuwa anaondoka. Hilo peke yake lisingekuwa na shida. Shida ni kwamba baba yake ndiye aliyeambiwa wa mwisho, baada ya sahihi kuwekwa na tiketi kukatwa. Tangu hapo ilikuwa miezi minne, na katika miezi hiyo minne maneno ndani ya nyumba yalikuwa mawili tu: umekula, nimekula. Mume wangu alijaribu kuwapatanisha akachoka. Mimi nilijaribu kwa njia yangu, yaani niliwagombeza wote wawili siku moja mezani, nikaambulia kunyamaziwa na wote wawili.

Sasa mzee alikuwa amebuni njia yake. Hakuniambia kwamba ni ya suluhu, lakini mimi si mtoto. Alitaka kumkabidhi binti yake flashi ile kabla hajaingia kwenye gari. Asipoikabidhi, wangeagana kwa "umekula", na miaka mitatu ni mingi kwa mtu wa miaka sabini na mmoja mwenye presha.

Inabidi nieleze kilichokuwemo. Baba alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja. Masjala ni kile chumba cha ofisi ambako kila barua inayoingia hupewa namba, tarehe na jalada, na mtu akiitaka baada ya miaka kumi hupewa dakika hiyo hiyo. Baba hujigamba kwamba chini ya mikono yake haikupotea hata karatasi moja, na waliofanya naye kazi wanasema ni kweli, na kwamba alikuwa anaudhi. Alipostaafu akahamishia masjala nyumbani. Kila mtoto ana jalada lake. La mume wangu ni jembamba, lina vyeti na picha mbili tatu, kwa sababu yeye alilelewa zaidi na mama yake, na mama alikuwa mtu wa kufagia. Lakini mama alifariki Kitinda akiwa na miaka sita. Baada ya hapo hakuna karatasi ya mtoto yule iliyotupwa. Michoro, madaftari, kadi za kliniki, vikaratasi vya "Baba nimeenda dukani". Baba hakuwa mtu wa kupakata wala kubembeleza. Alijua kuhifadhi, akahifadhi.

Miaka mitatu iliyopita nilimpelekea kompyuta ya mezani iliyokuwa imechoka, nikaiwekea Linux kwa sababu mfumo wake wa zamani ungeiua kabisa, nikamfundisha kutumia skana. Nilidhani atachoka baada ya wiki. Akaanza na ukurasa wa kwanza wa jalada la Kitinda na hakusimama.

Nilipofika nilimkuta Kitinda sebuleni amekaa juu ya sanduku lake, anaruka ruka ili lifungike. Nikamsaidia kukaa. Kwa uzito wangu lilifungika mara moja, na akasema ameanza kuona faida ya kuwa na wifi. Macho yalikuwa yamevimba, nikajifanya sijaona.

"Anafanya nini huko ndani tangu asubuhi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia aende akamuulize mwenyewe. Akainamia zipu.

Chumba cha baba ni kidogo, kina dirisha moja, rafu tatu za majalada, na meza ambayo kila kitu juu yake kimenyooka sambamba na ukingo. Alikuwa amesimama mbele ya skrini, mikono nyuma, kama mtu anayemngojea bosi. Shati limepigwa pasi hadi mikono. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka, kisha akakinyooshea kidole kile kimstari cha kijani kilichokuwa kinatambaa kwenye skrini. Sasa kilikuwa kinasema masaa kumi na mawili. Badala ya kupungua yalikuwa yameongezeka.

Nikavuta kiti. Kitu cha kwanza huwa natazama kama mashine yenyewe imechoka. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiuliza. Haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa imekaa tu, inasubiri. Nikaipima diski ya ndani, maana diski ikianza kufa husomeka kwa taabu. Ikasema ni nzima. Basi kama anayetoa ni mzima, na mbebaji ni mzima, tatizo liko njiani au liko kwenye mzigo.

Nikatazama mzigo. Zilikuwa faili elfu sitini na moja na ishirini na mbili.

"Baba," nikasema, na najua sauti yangu ilipanda, "umefanya kila ukurasa faili yake?"

"Ukurasa ni ukurasa," akanijibu.

"Na kila faili umeiwekea folda yake?"

"Karatasi haikai nje ya jalada, mwanangu."

Nikashusha pumzi. Nilimweleza kwamba kompyuta inapopeleka faili moja kubwa huibeba na kuondoka nayo, lakini ikipewa faili ndogo elfu sitini, kila moja lazima iandikishwe: jina, ukubwa, tarehe, mahali pa kukaa, kisha irudi kuchukua nyingine. Akanisikiliza kwa makini, halafu akasema hivyo ndivyo kazi inavyopaswa kufanywa. Mashine ile ilikuwa imepata karani mwenzake.

Lakini hata uandikishaji usingefika masaa kumi na mawili. Nikaiuliza mashine flashi imeingilia njia gani. Ikajibu njia ya kumi na mbili, yaani megabiti kumi na mbili kwa sekunde. Nikadhani nimesoma vibaya, nikauliza tena. Kompyuta ile ina vitundu vya kuchomekea vya elfu tano, na hata vile vya kizamani ni mia nne na themanini. Kumi na mbili ni kama kuhamisha nyumba kwa kijiko. Nikazifuata nyaya za kompyuta kwa macho, flashi iko wapi, siioni. Baba akanionyesha. Ilikuwa imechomekwa ubavuni mwa kibodi. Kibodi yenyewe ni ya enzi zake za ofisini, nzito kama tofali, ina vitundu viwili pembeni ambavyo vilitengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo vidogo na si kwa kupitisha maisha ya mtu.

Nikapiga magoti chini ya meza na tochi ya simu. Nyuma ya kompyuta, vitundu vya kawaida vilikuwa vimejaa: kipanya, printa, skana, spika. Na vile viwili vya bluu, vya kasi, vilikuwa vimezibwa kwa utepe wa karatasi, kingo zimekatwa kwa mkasi, na juu yake kwa kalamu, kwa ule mwandiko wake wa masjala, imeandikwa AKIBA.

Nikatoka chini ya meza na vumbi kwenye nywele. Nikamuuliza ni nani aliyefanya vile na kwa nini, ingawa mwandiko nilikuwa naujua.

Akajibu bila haya yoyote. Siku niliyomletea kompyuta nilimwambia vitundu viwili vya bluu ndivyo vizuri kuliko vyote. Kwa hiyo akavitunza. Hakutaka vichakae.

Ningeweza kupiga kelele. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini nilimwona amesimama pale na shati lake lililonyooka, anangojea nimsifu kwa kutunza, nikaanza kucheka, na nikicheka huwa sijui kukoma. Nilicheka mpaka Kitinda akaja mlangoni kuona kuna nini. Na mimi, kwa kuwa sina breki mdomoni, nikamwambia yote: utepe, akiba, kibodi, faili elfu sitini na moja.

"Faili za nini?" akauliza.

Nikamtazama baba. Baba akatazama skrini.

"Zako," akasema.

Kitinda hakuondoka mlangoni.

Ilikuwa saa tano na robo. Nikaikatisha ile kazi, na baba akashtuka kama nimechana barua. Nikamweleza mpango. Sitapeleka faili moja moja. Nitazifunga vifurushi, na ndani ya kifurushi kila karatasi itakaa kwenye jalada lake, kwa namba yake, kama alivyoipanga. Akaniuliza mara tatu kama mpangilio hautavurugika. Mara ya tatu nikamwambia Baba, ukiniuliza tena narudi nyumbani kunywa chai yangu. Akaniruhusu. Akataka tu vifurushi vigawanywe kwa miaka, kifurushi kimoja kwa kila mwaka wa umri. Kwa hiyo vikawa ishirini na saba.

Nikabandua utepe, yeye akiutazama ukitoka. Nikachomeka flashi kwenye kitundu cha bluu, nikaandika amri, nikabonyeza. Majina ya faili yakaanza kushuka kwenye lile dirisha jeusi. Nikapiga hesabu: masaa mawili na dakika ishirini hivi. Flashi yenyewe haikuwa ya kasi, lakini tungewahi, ingawa kwa kubanana.

Kilichofuata sikukipanga. Majina yalikuwa yanapita mbio, kisha flashi inazidiwa, yanasimama kidogo, unapata kuyasoma, kisha yanapita tena. Baba hakuwahi kuita faili kwa namba tupu. Kila moja ilikuwa na namba, maelezo, na tarehe ya kupokelewa, kama barua za ofisini. Yakasimama kwenye "kadi-ya-chanjo-alilia-sana". Yakasimama kwenye "mchoro-ng'ombe-miguu-sita". Kitinda akasogea hatua moja ndani ya chumba ili aone vizuri. Yakasimama kwenye "barua-ya-mwalimu-anaongea-darasani", na nyingine, na nyingine, nyaraka saba mfululizo za mwalimu huyo huyo kuhusu kuongea, nikasema huyu ndiye anayedai hana la kumwambia baba yake. Akanipiga kofi la begani. Akakaa chini sakafuni, miguu ameikunja, akaegemea rafu.

Alikaa hivyo mpaka karibu saa nane. Chakula tulikula humo humo, sahani magotini, jambo ambalo katika chumba kile halijawahi kuruhusiwa. Alicheka kwenye "ombi-la-kufuga-paka" na "ombi-la-kufuga-paka-la-pili". Kwenye "karatasi-ya-hospitali-mama-siku-ya-mwisho" hakucheka, na bahati mbaya flashi ikasimama pale pale kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Baba alikuwa dirishani. Hawakuwa wameongea bado. Kila alichotaka kusema Kitinda alinielekezea mimi, na kila alichotaka kujibu baba alinielekezea mimi, na mimi nikawa dirisha la kupokelea barua kati ya watu wanaoishi nyumba moja.

Saa nane kasoro dakika kumi tukaingia kifurushi cha ishirini na saba. Ni kidogo, maana mtu mzima haachi makaratasi mengi. Yakapita ya hospitali, ya mafunzo, ya pasipoti. Kisha yakasimama karibu kabisa na mwisho, na Kitinda akainuka akasogeza uso kwenye skrini.

"Wifi," akasema, "soma hiyo tarehe."

Nikasoma. Ilikuwa barua yake ya kupata kazi. Mbele yake baba alikuwa ameandika, kama kawaida yake, siku aliyoipokea. Ilikuwa wiki tano kabla ya siku ile Kitinda alipomkalisha kitini na kumwambia.

Honi ikalia nje. Gari lilikuwa limefika. Na wakati huo huo mstari wa mwisho ukapita kwenye skrini, kifurushi kikafungwa. Kitinda akapitisha mkono nyuma ya kompyuta kuchomoa flashi, haraka, kwa hasira au kwa aibu sijui, nikamshika mkono.

"Usichomoe."

"Si imemaliza?"

Nikamwambia haijamaliza. Hapo ndipo watu wengi hupoteza vitu vyao. Mashine hii husema imemaliza wakati mzigo umefika kwenye kumbukumbu yake tu. Kuuandika kwenye flashi huendelea kimya kimya baadaye. Ukichomoa sasa, vifurushi vya mwisho vinakuwa takataka. Nikaandika amri ya kuilazimisha iandike kila kitu na isinijibu mpaka iwe imekwisha. Nikamwambia akae, ni dakika tano au sita, na mpaka hapo hakuna mtu wa kugusa chochote.

Kwa hiyo akakaa, kwenye kiti cha baba, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Hakukuwa na majina tena ya kusoma, na mimi safari hii nilijizuia nisiongee.

"Uliijua," akasema. Safari hii hakunielekezea mimi.

"Ilikuwa kwenye mfuko wa sare yako. Nilikuwa napiga pasi." Baba bado alikuwa anatazama nje. "Nikaiskani, nikaikunja vile vile, nikairudisha."

"Wiki tano, Baba. Na hukusema kitu."

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Kitinda akasema aliogopa. Akasema alijua angemkatalia.

Baba akageuka. "Ningekukatalia," akasema. "Siku mbili, tatu. Halafu ningekuruhusu, mama. Nilikuwa nimeshajiandaa kukuruhusu. Ukanijia na tiketi mkononi, ukaninyima hata hiyo nafasi."

Sijui kama aliyapanga maneno yale au yalimtoka. Najua Kitinda alijifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kutikisika, na baba akabaki amesimama katikati ya chumba hajui afanye nini na mikono yake. Mzee yule anajua mahali pa kila karatasi aliyowahi kuigusa, lakini hapo alikuwa amepotea kabisa. Hatimaye akamsogelea, akamwekea kiganja kichwani, kwa uangalifu, kama anayepima homa. Kitinda akamkumbatia kiunoni pale pale kitini alipokaa.

"Niruhusu sasa," akasema kwenye lile shati lililonyooka.

Baba akavuta stuli, akaketi mbele yake magoti kwa magoti, akaanza kumwambia. Si ruhusa tu. Alianza na nani wa kumwona akifika, akaenda kwenye baridi, akaenda kwenye mama yake, jinsi naye alivyowahi kutaka kwenda kusoma mbali na kwa nini hakwenda. Hilo hata mume wangu halijui. Kitinda alikuwa anauliza, baba anajibu, wote wawili wanakatizana maneno, na mwalimu yule wa zile barua saba angewatoa nje ya darasa.

Nikatazama skrini. Alama ndogo ya kusubiri amri ilikuwa imerudi, inakonyeza. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, vifurushi ishirini na saba, salama. Wao hawajui kuisoma alama ile. Chumbani pale niliyeijua ni mimi peke yangu.

Honi ikalia tena, ndefu. Kitinda akanyanyua uso, macho yamelowa, akaniuliza kama tayari.

Katika miaka yote ya ufundi wangu sijawahi kumdanganya mtu kuhusu mashine yake.

"Bado," nikasema. "Inaandika. Msiiguse."

Nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikabeba na sanduku. Dereva alikuwa ameshuka, anatazama saa yake. Nikampa sanduku alipakie, akalipakia, akaniuliza abiria yuko wapi na kuna tatizo gani. Nilijua saa ya ndege na nilijua barabara, tulikuwa na robo saa ya kuchezea.

"Ni faili," nikamwambia. "Zinanakiliwa polepole sana."